Gari la Mwisho la Kurudi Dele



Leo tuzungumze juu ya safari fupi. Safari ndefu ina watu wa kuisemea. Mizigo ya Kampala, barabara ya Kisangani, msafara wa Beni, hayo tunayasikia kila wiki, na viongozi huyatolea tamko. Safari fupi haina wa kuisemea. Nina maana ya mama anayetoka Dele asubuhi na kapu la sombe, mwalimu anayelala Mudzipela na kufundisha nje ya mji, mwanafunzi anayevuka mto Shari kuja chuoni, mgonjwa anayeletwa kutoka Bogoro hadi Hospitali Kuu. Bogoro ni kilomita 25 hivi kutoka hapa Bunia nilipoketi. Dele ni karibu zaidi. Watu wanasafiri hivyo kila siku ya Mungu, kwenda na kurudi, na safari zao hazijapata mtu wa kuzipanga.

Niseme neno langu mapema ili mjue ninakoelekea. Kabla ya kulia kwamba tunakosa magari, tulie kwamba tunakosa saa. Vyombo vya kutubeba vipo, na pikipiki zimejaa hadi kwenye milango ya maduka ya Bulevardi ya Libération. Lakini simama pale sokoni uulize gari la mwisho la kurudi upande wa Dele linaondoka saa ngapi. Utaambiwa linaondoka likijaa. Uliza kama litajaa. Utaambiwa inategemea. Mtu asiyejua kama atapata namna ya kurudi nyumbani hawezi kukubali kazi inayokwisha jioni, hawezi kujiandikisha masomo ya baada ya kazi, hawezi kubaki hospitalini kumpa mtoto sindano ya saa kumi na moja. Anatazama jua, anaacha alichokuwa akifanya, anaondoka. Nusu ya jioni ya mji huu inapotea hivyo, na hatuiandiki popote kama hasara.

Tumtazame huyo mama wa sombe kwa karibu. Majani hayo ya muhogo ameyachuma jana jioni, kwa sababu akisubiri alfajiri atachelewa. Ameyafunga mafungu kwa kamba ya mgomba, akayanyunyizia maji, akayafunika kwa kitenge kilichochakaa. Kabla ya saa kumi na mbili yuko barabarani. Usiku mvua imenyesha. Motari wa kwanza, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anasimama.

"Mama, njia ni mubaya, ongeza kidogo."

"Mutoto yangu, mimi naenda tu kuuza sombe."

"Basi tungoje mwingine, mupande wawili."

Wanangoja. Mwingine anayekuja ana gunia la makala. Sasa motari, mama, mwenye makala, gunia na kapu, vyote viko juu ya pikipiki moja iliyotengenezwa kubeba watu wawili, juu ya udongo mwekundu unaoteleza. Wanafika salama, Mungu asifiwe. Lakini wale wanawake wanaonunua kwa jumla mapema wakauze rejareja kwenye mitaa wamekwisha kuondoka sokoni. Bei ya asubuhi imepita. Sombe iliyoanza kunyauka inauzwa kwa bei anayoitaja mnunuzi, na muuzaji hana nguvu ya kubishana kwa sababu kesho haitauzika kabisa. Kisha jioni kuna nauli ya kurudi, na hiyo huwa ghali kuliko ya kuja, maana giza linakaribia na motari analijua hilo kama mama anavyolijua. Nauli mbili zinatoka ndani ya kapu moja. Ndiyo maana mnawaona akina mama wanatembea, kapu kichwani na mtoto mgongoni, huku pikipiki tupu zikiwapita na kuwaachia vumbi. Mtu akiwaona atafikiri wamekosa chombo. Wamepiga hesabu, wakaona heri miguu ipate taabu kuliko faida ya siku nzima iishie kwenye nauli.

Inauma kuona hivyo, na ni rahisi kumgeukia motari na kumtupia lawama. Mimi sitamlaumu. Wengi wa vijana hawa hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kuna pesa ya patroni, ambayo inatakiwa ifike iwe siku imekuwa nzuri au mbaya. Kuna jetoni ya ushuru, kuna plaki, kuna karatasi ambazo kila anayezikagua anakuta moja imepungua. Kuna mafuta, ambayo huku kwetu hutoka Uganda kupitia mipaka ya Mahagi na Aru. Barabara ikifungwa siku chache tu, chupa ya kadafi, yule muuza mafuta wa kando ya njia, inapanda bei na motari anahesabu upya. Na kuna jambo zito kuliko yote hayo. Ni mara ngapi tumesoma hapa katika habari zetu kwamba motari amekutwa ameuawa nje ya mji, pikipiki haipo, na aliyembeba mara ya mwisho alikuwa mtu aliyejifanya mteja? Kijana anayekataa kuvuka daraja la Shari saa moja ya usiku hafanyi jeuri. Anataka kulala kwao akiwa hai.

Tukumbuke pia wametoka wapi. Baada ya vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, vijana wengi walioweka silaha chini walirudi kwenye mji usiokuwa na kiwanda wala ofisi ya kuwapokea. Pikipiki iliwapokea. Ilifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na serikali: iliwapa vijana mkate, na iliwapa wakaaji usafiri. Kwa hiyo mpango wowote unaoanza kwa kuwafukuza motari barabarani mimi nitaupinga hapa hapa kwenye kipaza sauti hiki.

Sasa turudi nyuma kidogo katika historia, maana kuna watu wanaosema upande huu wa nchi haujawahi kujua usafiri wa saa. Wamekosea. Mwaka 1924 iliundwa kampuni ya reli nyembamba iliyoitwa Vicicongo. Reli yake ilianzia Aketi, ikapita Buta, ikapita Isiro ambayo wakati huo iliitwa Paulis, ikafika Mungbere mwaka 1937, na hapo ikakomea. Bunia hatukuiona treni. Lakini kampuni ile ile ilikuwa na malori yaliyozunguka barabara za kaskazini-mashariki kulisha reli. Upande wa pili, kwenye Ziwa Albert, meli ya reli ya Uganda iliyoitwa Robert Coryndon ilianza kazi mwaka 1930 ikitokea Butiaba, na Kasenyi yetu ilikuwa moja ya bandari zake hadi miaka ya 1960. Treni ilikuwa na siku yake, meli ilikuwa na siku yake, na malori yalilazimika kuzifuata.

Wazee wanaokumbuka mwisho wa enzi hiyo huisimulia kwa hamu, na ninawaelewa. Lakini tuseme ukweli wote. Mpango ule ulipangwa kwa ajili ya dhahabu ya Kilo-Moto, pamba na kahawa. Pamba ilikuwa na ratiba. Aliyeilima alikwenda kwa miguu. Uhuru ulipokuja, tulirithi barabara zilizochorwa kupitisha mizigo kwenda mbali, na hadi leo tunaendelea kufikiri hivyo hivyo. Barabara ya taifa namba 27, ile inayotoka Komanda, ikapita hapa Bunia na kwenda Mahagi hadi mpakani Goli, ikiharibika tunahesabu malori yaliyokwama. Ni haki tuyahesabu, maana yanabeba chakula chetu. Lakini hatumhesabu mwalimu aliyekwama Iga Barrière, wala darasa lake lililokaa bila mwalimu asubuhi nzima.

Na mji wenyewe umebadilika. Ituri ilipokuwa jimbo mwaka 2015, ofisi ziliongezeka na watu wa ofisi wakaongezeka. Lakini kilichoijaza Bunia zaidi ni kukimbia. Watu walikimbilia hapa wakati wa vita vile vya 1999 hadi 2003, wakakimbilia tena machafuko yalipoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017, na hata baada ya hali ya dharura kutangazwa Mei 2021 hawakuacha kuja. Wengine wako kwenye kambi kama Kigonze, wengine wamepanga chumba kwenye mitaa ya pembeni, wengine wamebanana kwa ndugu. Hapo ndipo safari zetu zinapotofautiana na za miji mingine. Nairobi au Dar es Salaam, mtu hulala pembezoni na kuja katikati kufanya kazi. Bunia wapo wa namna hiyo, lakini wapo pia wengi wanaolala mjini kwa sababu mjini kuna usalama kidogo, na kukipambazuka wanatoka kwenda mashambani na jembe begani na bidoni tupu mkononi. Jioni wanarudi na mihogo, maharagi, kuni. Asubuhi barabara inajaa pande zote mbili. Gari linaloleta wauzaji mjini lingeweza kurudi na wakulima, bila kwenda tupu hata mara moja. Mwenye gari yeyote anajua jambo hilo lina thamani gani. Kilomita tupu ndiyo inayoua biashara ya usafiri, na sisi tumepewa barabara isiyo na upande mtupu.

Kuna jingine ambalo nitalisema kwa uangalifu, lakini nitalisema. Pikipiki humpa mtu nafasi ya kuchagua. Baada ya yote tuliyopitia, wapo wanaochagua motari kwa lugha anayoiongea na kwa mtaa anaotoka. Siwahukumu, hofu yao ina makaburi. Ila gari la watu wote halina uchaguzi huo. Mnakaa bega kwa bega, kapu la mmoja miguuni mwa mwingine, mtoto wa yule analala kwenye bega la huyu, na mkifika bondeni gari likikwama mnashuka wote kusukuma. Mikutano ya amani imefanyika mingi katika mji huu, na ninaiheshimu. Lakini safari ya kila asubuhi pamoja, kwa miaka, ni mkutano usiohitaji mwaliko.

Sasa magari yenyewe. Nataka mtazame minibasi itakapowapita kesho. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari mengi tunayopanda yamenunuliwa kupitia Uganda, na yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Usukani uko kulia, na mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto. Maana yake ni kwamba gari likisimama kando ya barabara, mlango unafunguka katikati ya barabara. Mama anashuka kinyumenyume, anavuta kapu lake, mtoto yuko mgongoni, na pikipiki zinapita nyuma yake kwa kasi. Konda anapiga kelele, "Mama, angalia!" lakini ataangaliaje wakati uso wake uko ndani ya gari? Jambo hili si la bahati mbaya wala la Mungu. Linarekebishika siku ya kununua gari.

Kununua gari lisilolingana na mahali ni ugonjwa wa zamani katika nchi hii. Katikati ya miaka ya 1950, Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ililetewa mabasi 12 ya umeme ya ajabu, yaliyohifadhi nguvu ndani ya gurudumu zito linalozunguka chini ya sakafu. Hakuna mji mwingine duniani uliokuwa na mengi ya aina hiyo. Madereva wakawa wanakata njia za mkato kwenye barabara zisizo na lami. Mvua ikinyesha zinakuwa tope. Vyuma vya ndani vikavunjika, na kufikia 1959 huduma hiyo ilikuwa imekufa. Basi lilikuwa la kisasa. Barabara ndiyo haikuulizwa.

Na jirani zetu wa Kampala wana somo lao. Mwaka 2012 walipata mabasi makubwa ya kampuni ya Pioneer, yenye nauli inayojulikana, na abiria wakayapenda. Kufikia mwisho wa 2013 yalikuwa yamekamatwa kwa deni la kodi na kuegeshwa. Naomba wenye kukusanya kodi hapa Bunia wasikie vizuri. Gari la watu likianza kazi, likatozwa na mji, likatozwa na jimbo, likatozwa na taifa, kisha likatozwa tena kwenye kila bariere kati ya hapa na Katoto, litaegeshwa kama yale ya Kampala, na sisi tutasema wananchi hawapendi maendeleo. FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, uliundwa kwa sheria ya 2008, na unapata pesa kwenye mafuta na kwenye vituo vya malipo barabarani. Aliyenunua mafuta yaliyolipiwa ushuru halali amekwisha kuchangia barabara hiyo.

Mimi naomba kitu kidogo. Dar es Salaam ilijenga njia maalumu za Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, zikaanza kubeba watu 2016. Sisi hatuna sababu ya kuota hayo leo. Naomba njia moja. Ianze na ile ya Dele, kwa sababu ni fupi na watu ni wengi. Minibasi chache, za wenye magari wa hapa hapa kupitia chama cha madereva, ACCO, zikipewa ruhusa kwa sharti moja: ziondoke kwa saa, zimejaa au hazikujaa. Kwa miezi ya kwanza, viti vinavyobaki tupu vilipiwe na jimbo, maana mtu binafsi hawezi kubeba hasara ya kuwafundisha watu kuamini saa. Nauli iandikwe kwa rangi ubavuni mwa gari, kwa herufi ambazo nyanya asiyebeba miwani anaweza kuzisoma. Mizigo ya sokoni iwe na bei yake, nayo iandikwe. Vituo viwe na paa, hata la mabati ya kawaida, maana mvua ya Ituri haina huruma na sombe wala na mtoto.

Na kwenye kila kituo iwepo parkingi ya motari. Gari likishusha watu, wao ndio wanaowaingiza ndani ya vijiji, kwenye njia ambazo minibasi haitafika kamwe. Motari atafanya safari fupi nyingi karibu na kwao, mahali anapojulikana kwa jina na anapowajua anaowabeba. Nimezungumza na baadhi yao juu ya jambo hili. Walichoniuliza kwanza hakikuwa pesa. Waliuliza: "Na usiku hatutalazimishwa kwenda mbali?" Hapana, ndugu zangu. Huko mbali gari ndilo litakalokwenda.

Najua swali ambalo wengi wenu mnalo mdomoni: na usalama? Sitalikwepa. Saa inayojulikana na abiria inajulikana na mvamizi pia. Septemba 2021, msafara wa magari uliosindikizwa na jeshi ulishambuliwa Ofaye, kwenye barabara ya Komanda na Beni. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba ratiba inazuia risasi. Ndiyo sababu sianzi na barabara ya mbali. Nasema Dele kwanza, kisha, hali ikiruhusu, upande wa Iga Barrière na upande wa Bogoro. Gari la mwisho liwekwe saa ambayo barabara bado ina watu, na doria ya askari ipangwe kuzunguka saa hiyo. Leo kila mtu anarudi kwa wakati wake, mmoja mmoja, kwenye njia iliyotawanyika, na hakuna jeshi linaloweza kumlinda mtu mmoja mmoja hivyo. Watu waliokusanyika katika saa mbili zinazojulikana, ya kwenda na ya kurudi, wanaweza kulindwa, kama anayelinda anakusudia kweli kulinda.

Kabla ya kufunga kipindi, nina kazi ya kuwapa. Kuanzia kesho asubuhi simu za studio zitakuwa wazi. Sitaki maoni juu ya serikali mara hii, hayo yana siku yake. Nataka saa. Mama wa sokoni, tuambie unahitaji kuwa sokoni saa ngapi ili upate bei ya asubuhi. Mwalimu, mwanafunzi, muuguzi wa zamu, mkulima unayelala mjini na shamba lako liko ng'ambo ya Shari, kila mmoja atutajie saa mbili: ya kuondoka na ya kurudi. Motari wa parkingi za Dele na za soko kuu, chagueni msemaji wenu mtutumie. Tutaziandika zote, mtaa kwa mtaa, na orodha hiyo tutaipeleka kwa meya na kwa ofisi ya usafiri ya jimbo, halafu tutaisoma hapa hewani pamoja na jibu watakalotupa.